Mikono ya Karakana

Dada yake seremala alipona homa, lakini masikio hayakupona. Alikuwa msichana mcheshi, mwenye maneno kama cherehani, na ghafla dunia ikamnyamazia. Akawa anashinda chumbani, uso kaupa ukuta.

Kaka mtu yakamshinda. Asubuhi moja alimpeleka karakana, akamkabidhi kipande cha msasa na mguu wa kiti. "Sugua hapa," alisema, kisha akakumbuka, akasugua kiganja chake kwa vidole. Dada akaelewa.

Tangu hapo kila kitu kikapata ishara yake. Gundi ilikuwa vidole viwili vinavyokataa kuachana. Msumari ulikuwa kidole kinachogongwa na ngumi. Mteja msumbufu alikuwa mtu anayejikuna kidevu, na hiyo dada aliibuni mwenyewe.

"Sasa tumekuwa wacheza ngoma?" alicheka Kipara, fundi wa mashine ya randa. Lakini mashine yake ikinguruma hakuna aliyemsikia mwenzake, na yeye ndiye akawa wa kwanza kuomba chai kwa mikono. Wengine wakafuata. Wakazipeleka ishara nyumbani, watoto wakazidaka. Mwenye duka la jirani naye akajifunza, asije akapitwa na umbea.

Miaka ikaenda. Wageni waliohamia mtaani walidhani watu wa pale wameongea hivyo tangu enzi za mababu.

Kisha seremala akaugua koo. Madaktari waliokoa uhai wake, sauti iliwashinda. Alirudi nyumbani, akajifungia. Dada akaingia bila hodi, akavuta pazia.

"Niache," kaka alisema kwa mikono. "Mtu bila sauti ni mtu gani?"

"Hiyo sauti yako sijaisikia tangu niugue," dada alijibu, mikono yake ikienda mbio. "Na tumegombana vizuri tu miaka yote. Vaa viatu!"

Kule karakana, Kipara, sasa mzee, alizima mashine. Mafundi wote wakamsalimu seremala kwa mikono, kama kila siku. Hakuna aliyelazimika kujifunza lolote.

"Ndivyo watu tulivyofika hapa tulipo," Kipara alimwambia fundi mwenzake, akifuta macho kwa kitambaa chenye vumbi. "Mmoja akikwama, wengine wanageuza njia. Baadaye hakuna anayejua njia ilipinda kwa ajili ya nani."

Seremala hakusikiliza. Alikuwa ameona bawaba imefungwa upande, na kabla ya mchana alikuwa ameshakosana na watu wawili. Dada yake alimtazama, akacheka hadi akakaa chini.