Makabidhiano ya Kitindamimba

Betri ilikuwa asilimia thelathini na mbili, na katika kituo kizima hakukuwa na mtu mwenye ruhusa ya kuiokoa.

Mama Sahani aliisoma namba hiyo saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Akaisoma tena. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa koti lake la kazi, akairudisha puani. Namba ilikuwa ile ile. Jana jioni ilikuwa arobaini na moja. Huko juu setilaiti ilikuwa imejipindua, mabawa yake ya kunyonya jua yametazama gizani, na kila ikizunguka dunia inazidi kukauka. Ikishuka chini ya kumi na tano itajizima, na ikijizima, kwaheri ya kutoonana.

Dawa ilikuwa amri moja: geuka, litazame jua. Amri ya sekunde nne. Katika miaka yake ishirini na sita ya kuhudumia ile sahani kubwa ya antena iliyompa jina, alishaituma mara nyingi, mkono mmoja kwenye vitufe na mwingine umeshika kikombe cha chai. Leo hakuweza. Kisa, sherehe.

Tukumbushane, maana watu wa nchi hii husahau kwa bidii. Setilaiti hiyo haikushuka na mvua. Ilitengenezwa na mafundi wa serikali, ndani ya karakana ya serikali, na haikuzidi ukubwa wa ndoo mbili zilizobebana. Mafundi waliiita Kitindamimba, kwa sababu ilipotoka mlangoni tu, karakana ikatiwa kufuli. Wakubwa walisema mambo ya anga tuwaachie wenye kampuni. Kazi ya Kitindamimba ilikuwa kupiga picha mto mkubwa na kuonya watu wa bondeni. Dada yake Mama Sahani anakaa huko bondeni. Mwaka jana alipata onyo siku mbili kabla, akahama na magodoro, mbuzi na mama mkwe wake asiyetaka kuhama. Maji yalipofika yalikuta nyumba tupu. Na mvua za mwaka huu zilikuwa zimeshaanza.

Sasa serikali ikaingia ubia na kampuni. Kampuni ndiyo ingeendesha setilaiti, serikali ingebaki kuwa mwenye mali. Basi ikaundwa kamati ya makabidhiano, nusu watu wa serikali, nusu watu wa kampuni, ikajifungia hotelini siku tatu. Huko ikaamua kwamba namba za siri, zile tarakimu ishirini na nne ambazo bila hizo Kitindamimba haisikii la mtu, zibadilishwe. Namba mpya zitiwe ndani ya bahasha, bahasha ipigwe lakiri na kufungwa utepe, na mgeni rasmi amkabidhi bosi wa kampuni mbele ya kamera. Na ili mambo yapendeze, setilaiti yenyewe iziache namba za zamani na kushika mpya siku hiyo hiyo ya sherehe, saa nne kamili. Amri hiyo, pamoja na tarehe yake, ikatumwa angani mapema.

Mgeni rasmi akasafiri. Sherehe ikaahirishwa. Wenye mahema waliarifiwa, wapishi waliarifiwa, bendi iliarifiwa. Mama Sahani aliarifiwa siku yenyewe, saa sita mchana. Kitindamimba hakuna aliyeiarifu, nayo kwa utiifu ambao serikali na kampuni kwa pamoja hazina, saa nne kamili ilikuwa imeshabadilisha namba. Hiyo ilikuwa siku kumi na saba zilizopita. Tangu hapo ilikuwa inatuma picha, lakini hakuna wa kuiambia kitu. Mama Sahani alipoandika kuuliza itakuwaje ikipata shida, barua yake ilirudi na neno moja pembeni: "Imeonekana."

Bahasha yenyewe ilikuwa ndani ya kabati la kioo, ofisini kwa Mkuu wa Kituo, hatua ishirini kutoka alipokaa. Imelala juu ya kimto chekundu.

Akazihesabu hizo hatua kwa hasira.

"Mkuu, naomba bahasha."

Mkuu wa Kituo alikuwa anapiga mhuri kitu. Hakuinua kichwa. "Bahasha ipi, Mama?"

"Kwani unazo ngapi zenye utepe? Kitindamimba kinakufa. Kitapita tena saa tisa na dakika arobaini na sita. Nikikikosa hapo, tukachimbe kaburi, ila hatutakuwa na maiti."

"Pole pole, Mama. Ile si bahasha. Ile ni hati ya makabidhiano." Sasa akainua kichwa. "Nikiifungua mimi, mgeni rasmi atakabidhi nini?"

"Atakabidhi mkono. Ashikane nao mkono, wapigwe picha, waende wakale."

"Andika barua, uipitishe masjala."

Akaandika. Aliandika akiwa amesimama, kwa sababu alijua akikaa atavunja kiti. Masjala wakaipokea, wakaigonga mhuri, wakamwambia jibu ni siku saba za kazi. Akarudi kwenye meza yake, akapiga simu makao makuu.

"Mama, chombo ni cha serikali, hilo halina ubishi," sauti ya huko ikamwambia. "Ila uendeshaji ni wa kampuni. Waulize wao."

Akawapigia wao.

"Uendeshaji ni wetu, ndiyo," ikasema sauti ya kampuni, laini kama ya tangazo la sabuni. "Lakini unaanza baada ya makabidhiano. Kabla ya hapo ni wa serikali."

"Na makabidhiano ni lini?"

"Hilo wanajua serikali."

Akarudi makao makuu. Makao makuu wakamrudisha kampuni. Kufika saa tano na nusu alikuwa amepigwa danadana mara sita, na mara ya sita aliyepokea simu alimuuliza Kitindamimba ni mtoto wa nani.

"Hilo ndilo swali!" akafoka. "Hilo ndilo mnalopaswa kujibu!"

Simu ikakatwa.

Mhandisi wa kampuni aliingia saa saba, amevaa fulana yenye nembo ya roketi kifuani. Alikuwa mtu mzima wa ndevu na mke, lakini miaka kumi na mbili nyuma alikuwa mwanafunzi wa karakana, na Mama Sahani ndiye aliyemfundisha kushika chuma cha kulehemu asijiunguze. Alijiunguza hata hivyo. Kovu analo.

"Shikamoo, Mama. Nimesikia."

"Marahaba. Umesikia, umefanya nini?"

"Nimempigia bosi. Ameniunganisha na mwanasheria." Akavuta kiti, akakaa kwa upande kama mgeni asiyetaka kukaa sana. "Wanasema tusiguse. Tukigusa kabla ya makabidhiano, halafu kikafa, kimefia mikononi mwetu."

"Na Mkuu anasema akigusa yeye kikafa, serikali imeua mali mliyokwisha kuahidiwa."

"Ndiyo hivyo."

"Kwa hiyo wote mko tayari kife. Mradi kisifie mikononi mwenu."

Mhandisi akaitazama skrini.

"Manahodha wengi chombo huenda mrama, ndivyo walivyotuambia," akasema Mama Sahani. "Hawakutuambia cha manahodha wawili wanaosukumana kila mmoja amwachie mwenzake usukani."

"Mama, na wewe usitupakazie sisi tu. Serikali ilikaa miaka tisa haijarusha hata kopo. Mlikitengeneza, mkakiweka kabatini. Roketi ya kampuni ndiyo iliyokipandisha. Bila sisi kingekuwa kabatini mpaka leo, kinafutwa vumbi wageni wakija."

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Kila wiki kwa miaka minne alikifuta vumbi yeye mwenyewe. Bajeti ya kukirusha ilikatwa mara tatu na watu waliokuja kupiga nacho picha.

"Kweli," akasema. "Mlikipandisha. Na uwanja mliorushia ulifyekwa na nani? Wewe ulisomeshwa na kodi ya nani? Bosi wako alipotaka mafundi, alikwenda sokoni kuwanunua? Alikuja karakana akawachota kama maji ya bomba la bure, kisha wakubwa wetu wakatwambia karakana haina watu, ifungwe. Mimi sikatai roketi yenu, mwanangu. Nzuri, inaruka, haikawii. Lakini kulea mimba si kazi. Kazi ni kulea mwana, na mwana anakufa, na baba zake wawili wako kwa wanasheria wakiulizana nani hakumzaa."

Mhandisi akacheka, kisha akaona aibu ya kucheka.

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Saa tisa na nusu uwe ofisini kwa Mkuu. Uje na macho tu."

Saa tisa na nusu Mama Sahani alikwenda na bisibisi. Mkuu alikuwa anamalizia chai. Mama Sahani akalifuata kabati la kioo, akapiga goti moja, akaanza. Aliyelitengeneza kabati lile alikuwa ameweka kufuli zito kwa mbele na kuacha bawaba nje kwa upande. Kazi ya zabuni hiyo.

"Mama! Mama, unafanya nini?"

"Nafungua mlango."

"Nitaandika ripoti."

"Andika. Usisahau na saa."

Skrubu ya kwanza ikatoka, ya pili, ya tatu. Ya nne ilikuwa na kutu, akaitukana kidogo, nayo ikatoka. Mlango ukaning'inia kwa kufuli lake lenyewe. Mkuu wa Kituo alisimama, akakaa, akasimama tena. Kisha akafanya jambo ambalo mtumishi wa miaka mingi pekee ndiye angelifikiria: aligeuka, akautazama ukuta.

"Mimi sijaona kitu," akauambia ukuta.

"Hongera," Mama Sahani akamjibu, bahasha mkononi.

Mhandisi alikuwa mlangoni. Akamfuata mbio mpaka chumba cha mitambo. Nje, sahani ilikuwa imeshaanza kugeuka, injini yake inanguruma. Zilibaki dakika tatu. Mama Sahani alipoipasua lakiri, vipande vyekundu vikatapakaa juu ya vitufe, akavipeperusha kwa kiganja. Ndani kulikuwa na karatasi moja, na juu yake tarakimu ishirini na nne zilizoandikwa kwa maandishi madogo ya mapambo, yaliyojikunja kama mialiko ya harusi. Kamati ilitaka zipendeze kwenye kamera. Mama Sahani akaisogeza karatasi karibu na macho, akaisogeza mbali. Hakuona kitu.

"Nisomee."

"Mama, nimekwambia siwezi kugusa."

"Nimekwambia uguse? Mikono iweke mfukoni. Soma."

Mlio ukaanza kwenye spika, kwanza hafifu, kama mtu anayekwaruza sufuria nyumba ya tatu. Kitindamimba kilikuwa kimetokeza. Betri: asilimia kumi na tisa.

"Kinapita dakika tisa," akasema Mama Sahani. "Nane na nusu. Mwanangu, mimi naweza kufukuzwa peke yangu, sikuombi unisindikize. Nakuomba macho tu."

Mhandisi akaingiza mikono mfukoni kweli, akainama juu ya karatasi.

"Saba. Sifuri. Sifuri. Nne. Hii... hii ni moja au saba?"

"Wewe ndiye mwenye macho!"

"Moja. Ni moja."

Wakaenda hivyo mpaka ishirini na nne. Akabonyeza. Skrini ikajibu: AMRI IMEKATALIWA.

"Basi ni saba," akasema Mhandisi kwa sauti ndogo.

Mama Sahani alitaja kamati ya makabidhiano kwa jina ambalo halifai kuchapwa. Akaanza upya, vidole vikigonga polepole, kwa sababu akikosea mara tatu chombo kingejifunga chenyewe. Zilibaki dakika nne. Akabonyeza. Wakangoja. Spika ilikwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza.

AMRI IMEPOKELEWA.

Mhandisi alipiga kelele akatoa mikono mfukoni. Mama Sahani hakupiga kelele. Kupokelewa si kutekelezwa. Barua yake nayo ilipokelewa. Mpaka chombo kinazama chini ya upeo wa macho, hakuna aliyejua kama kimegeuka.

Habari ilisambaa upesi kuliko amri. Saa kumi na robo makao makuu walipiga simu wakitaka maelezo kwa ajili ya taarifa: wataalamu wa serikali wanaendelea kukitunza chombo cha taifa. Saa kumi na dakika ishirini kampuni ikapiga, nayo ina taarifa yake: kampuni yachukua hatua za haraka. Na saa kumi na dakika hamsini na tano ikaingia barua. Ilikuwa na nembo mbili juu na sahihi mbili chini. Siku kumi na saba walishindwa kukubaliana nani afungue bahasha. Iliwachukua chini ya saa moja kukubaliana kwamba Mama Sahani asimamishwe kazi. Huo ndio ulikuwa ubia wao wa kwanza kufanya kazi.

Mkuu aliileta mwenyewe, na angalau alikuwa na haya ya kuinamisha macho. "Inasema mara moja, Mama."

"Nimeona."

"Mara moja ni sasa."

"Kinapita saa kumi na moja na dakika ishirini na tano. Ukitaka nitoke kabla ya hapo, nibebe. Nina kilo themanini na tatu."

Mkuu akamtazama Mhandisi. Mhandisi akatazama viatu vyake. Hakubebwa mtu.

Wakangoja wote watatu, chumba kikinuka vumbi la moto la mitambo. Wanaume wawili wakaanza kubishana kwa kunong'ona: taarifa ya nani itangulie, ya serikali au ya kampuni, na kama neno "wataalamu" linaweza kutumika pande zote mbili. Mama Sahani alivaa visikilizio ili asiwasikie.

Saa kumi na moja na dakika ishirini na sita, kwa kuchelewa dakika moja iliyomzeesha, mlio ukaja. Akasubiri namba ijipange kwenye skrini. Ishirini na nane. Akaitazama mpaka ikawa ishirini na tisa.

Akavuta daftari la zamu, akaandika saa, akaandika asilimia, akaandika amri iliyotumwa na nani aliituma, jina lake kamili kwa herufi kubwa. Karatasi yenye tarakimu akambandikia Mhandisi kifuani, juu ya nembo ya roketi.

"Ya tano ni saba," akamwambia. "Kesho asubuhi kiambie kiupige picha mto. Mvua ilinyesha huko juzi na jana."

"Mama, kesho mimi sina ruhusa..."

Mama Sahani alikuwa ameshachukua mkoba wake. Wale wawili walikuwa wamesimama mlangoni, bega kwa bega, wakimtazama kama watu wanaongoja kuambiwa la kufanya.

"Sogeeni," akasema. "Mmeziba njia."