Pepo la Guaro la Binti Mchungaji

Katika kanisa la Mchungaji Abdías, pale mjini Choloma, mtu safi hapewi kipaza sauti. Wanaopewa ni waliolala mitaroni, waliouza friji ya mama, waliovuta gundi mpaka wakaongea na mbuzi. Keila, binti wa mchungaji, alikuwa na miaka kumi na saba na hana dhambi hata moja ya kusimulia. Jambo hilo lilimkera kupita kiasi.

Siku ya mkutano wa vijana bustanini, mlevi mstaafu aliyealikwa kutoa ushuhuda hakutokea. Alikuwa ameangukia pombe tena, na mji mzima ulikuwa unamcheka. Keila akapanda jukwaani. Akasema amekunywa guaro, ile pombe kali ya miwa, tangu darasa la sita, tena kavukavu, na gundi juu yake. Baba yake alimkodolea macho, maana binti huyo hajawahi kulala nje hata siku moja. Kisha akaona vijana wanalia, naye akapaza sauti, "Haleluya!"

Baadaye, Keila akikusanya viti, Selvin akamfuata. Alikuwa kijana wa mtaani kwao, na sokoni kila mtu alijua anavyokunywa.

"We dada, asubuhi mikono ikitetemeka ulikuwa unafanyaje?"

"Nilikuwa naomba."

"Ukiomba inaacha?"

Keila aliitazama mikono ya Selvin. Ilikuwa ikiruka yenyewe. Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka.

"Selvin, nimedanganya. Guaro sijawahi hata kuinusa."

"Mwongo mkubwa wewe! Na mimi fala nimelia mbele za watu! Nimejiambia, kama huyu mlokole kaweza, mimi nishindwe nini?"

"Utaweza."

"Unajuaje?"

"Sijui."

Selvin alisonya. Kisha akachomoa nusu chupa ya guaro kiunoni. "Shika. Kesho nitakuja kuidai, nitakutukana. Usinipe. Na baba'ko asijue. Atanipandisha jukwaani hata sijapona, nikianguka wanicheke kama yule mzee."

Kesho yake alikuja kweli, akamtukana dirishani yeye na ukoo wake wote. Keila hakumpa. Alimshika mkono wakaenda zahanati, huku anatukanwa njia nzima, na huko Selvin akapewa dawa.

Jumamosi mchungaji alikuwa akitafuta chaja chumbani kwa bintiye. Akaikuta chupa chini ya godoro.

"Keila! Hii ya nani?"

Keila alijua akimtaja Selvin, kesho yake kijana yuko jukwaani.

"Yangu, baba."

Mchungaji akaketi kitandani. "Kumbe ulisema kweli," akasema. "Mwanangu unaangamia, na mimi nikasema haleluya."

Keila alitamani kufa.

Jumapili alipigishwa magoti mbele ya kanisa zima. Wazee wa kanisa walimkandamiza kichwa wakiliamuru pepo la guaro limtoke, mama yake analia, na wasichana wa kwaya, waliomwonea gere tangu utotoni, wanaomba kwa furaha isiyofichika. Pepo halikutoka, basi wakaongeza sauti.

Katikati ya mikono ya wazee Keila alimwona Selvin kwenye benchi la mwisho, amelowa jasho, viganja amevibana makwapani. Hakuwa amekunywa. Mzee mmoja alipolipigia pepo kelele, "Toka! Toka sasa hivi!", Selvin aliangua kicheko mpaka machozi yakamtoka, watu wakageuka kumtazama kwa hasira. Lakini yeye hakutoka.