Siku Kurwa Alipopotea Kiponda

Matar alitoka Unguja mwaka 1958, kijana wa miaka ishirini, akaenda kufanya kazi kwenye karakana ya reli Tabora. Huko alimwoa Kurwa, binti wa mshona viatu, mwanamke mrefu, mcheshi, ambaye hakuwahi kuiona bahari. Tangu wiki ya kwanza ya ndoa yao, Matar alikuwa akimsimulia mji wake. Kila jioni baada ya chakula alianza upya.

"Mji wetu ule, Kurwa, huhitaji mwavuli. Jua la saa saba unatoka sokoni mpaka nyumbani, kivulini tu."

"Na mvua ikinyesha?"

"Ikinyesha unapiga hodi mlango wowote ulio karibu."

Kurwa alisikiliza miaka sita. Aliujua mlango wa nyumba ya mtaa wa Kiponda alikolelewa Matar, una samaki wawili wamechongwa chini na minyororo pembeni. Alijua kwamba ukipanda juu ya paa lake unaiona bahari pande mbili. Aliijua hata njia ambayo Matar alikuwa akiipita mbio, peku, mama yake akimtuma nazi soko la Darajani. Majirani zao walikwisha kuchoka. Kila Matar akifungua kinywa, mmoja wao huuliza kama huko Unguja hata kunguru wana adabu.

Mwaka 1971 Matar alipewa likizo ya siku ishirini na nane. Walipanda gari moshi mpaka Dar es Salaam, kisha meli. Kurwa alitapika njia nzima, na waliposhuka Malindi, bandari ya Unguja, walipokewa na mvua ya masika.

Walifikia kwa shangazi yake Matar, Bi Mwanaasha, mjane aliyekaa pale pale Malindi. Bibi huyu aliwakumbatia, akalia, akawapikia. Kesho yake Matar akamtoa mkewe kumwonyesha mji, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mzee Kificho, aliyekuwa akipika halua ambayo Matar aliisifu kuliko kitu chochote, alikwisha kuhama. Hata angalikuwapo, sukari yenyewe ilikuwa ya kupanga foleni. Barazani walipokuwa wakikaa Matar na wenzake kunywa kahawa palikuwa patupu. Mmoja yuko Dar es Salaam, mmoja kaenda Arabuni, wa tatu keshafariki. Kiponda hakutaka hata kupita. Alisikia kwamba nyumba ile, ambayo wazee wake walikuwa wapangaji tu, baada ya Mapinduzi wamepewa watu kutoka shamba.

Siku ya tatu Matar alikaa kitandani na viatu mkononi, havai.

"Nimekuleta huku kote kwa bure," alisema. "Yale niliyokuambia hayapo tena. Meli ya Jumamosi turudi zetu."

"Mimi sijalalamika," alisema Kurwa.

"Ndiyo vibaya zaidi."

Bi Mwanaasha alikuwa anataka nazi, na Kurwa akaona afadhali atoke, amwache mumewe na huzuni yake. Alivaa kanga zake, akachukua kikapu.

"Utaijua njia, mwanangu?" Bi Mwanaasha alimuuliza.

"Nitaijua, shangazi."

Kwenda Darajani alifika, kwa sababu kila aliyemuuliza alimnyooshea kidole. Kurudi ndiko kulikomshinda. Alipinda kulia, akapinda kushoto, akajikuta kwenye kichochoro hajawahi kukiona. Mvua ikaanza tena. Alisimama chini ya roshani, kikapu kichwani, na alipojaribu kukumbuka mtaa wa shangazi unaitwaje, jina likampotea. Aliloweza kukumbuka katika mji ule wote ni maneno ya Matar.

Basi akayafuata. Matar alikuwa akisema ukitoka Darajani kwenda kwao utapita msikiti mdogo mweupe usio na mnara. Aliuona. Halafu mahali ambapo kuta mbili zimekaribiana hata punda mwenye mzigo hapiti. Alipapita, bega limegusa chokaa. Halafu baraza iliyovunjika pembe. Hiyo hakuiona, palikuwa na fundi cherehani amekaa mlangoni pake.

"Shikamoo, baba. Hapa pana baraza imevunjika pembe?"

Mzee aliinua macho. "Marahaba. Ilikuwapo. Tumeitengeneza zamani sana, ndiyo hii niliyoikalia. Nani kakwambia?"

"Mume wangu. Matar, mwana wa marehemu Bi Kazija."

"Matar! Yule mwenye mbio, aliyevunja nazi za watu?" Mzee akaiacha nguo chini ya sindano. "Pinda hapo kushoto, mwanangu. Mlango wa samaki."

Kurwa alisimama mbele ya mlango ule, amelowa chapachapa. Samaki walikuwapo, wawili. Akapiga hodi.

Aliyefungua alikuwa mwanamke wa rika lake, mikono imejaa tui la nazi. Jina lake Mwanamkasi, wa Uroa, pwani ya mashariki. Yeye na mumewe Silima ndio waliopewa vyumba vya juu. Kurwa alijaribu kueleza yeye ni nani, akachanganya maneno, akaanza kulia.

"Ingia kwanza," alisema Mwanamkasi. "Utaniambia ukishakauka."

Alimpa kanga kavu. Akamkalisha jikoni karibu na moto, akampa kikombe cha chai ya mchaichai isiyo na sukari, na ndipo akasikiliza. Aliposikia habari ya paa, alicheka. "Bahari pande mbili? Nnakaa hapa mwaka wa sita, nnaanika nguo kila siku, na sijaangalia pande mbili! Twende."

Mvua ilikuwa imepungua. Walipanda ngazi, wakasimama kati ya kamba za nguo. Upande wa bandari bahari ilikuwa ya kijivu na meli mbili zimetia nanga. Upande wa pili, nyuma ya mabati, palikuwa na kipande chembamba cha maji, kidogo mno.

"Ile nayo ni bahari?" aliuliza Kurwa.

"Ni bahari," alisema Mwanamkasi. "Mumeo hakusema uongo. Kaongeza kidogo tu."

Matar wakati huo alikuwa akizunguka mji mzima na mwavuli wa shangazi yake, akimtafuta Kurwa. Alimuuliza muuza kahawa, naye akawauliza wenziwe. Wanawake walitoa vichwa madirishani: "Mrefu, ana kanga nyekundu? Kapita hapa!" Watu ambao Matar hakuwajua walimshika mkono kumwongoza. Mwisho akafikishwa kwa fundi cherehani, ambaye alimcheka waziwazi.

"Mkeo kaenda kwenu. Wewe ndiye uliyepotea."

Matar alisimama mbele ya mlango aliokuwa akiukimbia kwa siku tatu. Akasita, kisha akaita, "Hodi!"

"Karibu!" Sauti iliyojibu kutoka juu ilikuwa ya Kurwa.

Alipanda ngazi polepole, akishika ukuta. Chumba alicholala utotoni sasa kilikuwa na vitanda viwili vya watoto na cherehani. Ukumbi ulinukia samaki na nazi. Silima alikuwa amerudi kutoka Uroa na pweza. Akampa mkono mgeni wake kwa haya kidogo.

"Nyumba yenu hii, ndugu yangu," alisema Silima. "Tulikuwa hatuna wa kumuuliza. Lile shimo la ukutani la nini?"

"La taa," alisema Matar. "Mama alikuwa akiweka taa pale."

"Sisi tunaweka Msahafu."

"Hapo ndipo pake."

Walikula muhogo kwa pweza, mkeka mmoja, watoto wakimuuliza Matar utotoni alianguka ngazi ipi na ngazi ipi. Alikuwa na jibu la kila ngazi. Kurwa hakuwa amemwona akicheka hivyo tangu watoke Tabora.

Jumamosi meli iliondoka bila yao. Walikaa siku zote zilizobaki. Silima aliwapeleka Uroa, na huko mama yake Mwanamkasi alimfundisha Kurwa kusuka ukili wa mikeka, akimcheka vidole. Siku ya kuagana bandarini, Mwanamkasi alimtia Kurwa kikuba, kishada cha maua ya asumini, kifuani, na wanawake hao wawili walishikana mpaka baharia akaja kuwahimiza.

Mwaka uliofuata, Matar alipochelewa kuomba likizo, Kurwa alikwenda mwenyewe karakana kumwombea kwa mkuu wake. Kisha akamwandikia Mwanamkasi barua: atakuja mwezi wa sita, mvua zimekwisha, naye atakuja na mama yake mzazi.