Pua ya Spindo

Sanduku la mbao lilifika kabla mimi sijaulizwa neno. Seremala alilileta asubuhi, akaliacha mlangoni pa karakana, na ubavuni lilikuwa limeshaandikwa anwani ya kiwanda cha ng'ambo. Humo ndimo spindo yangu ingesafiria. Nasema yangu, ingawa ni mali ya kampuni, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa hakuna mkono mwingine uliofungua spindo humu ndani. Spindo ndiyo mhimili unaoshika kisu na kukizungusha mara elfu nane kwa dakika. Ikiyumba kidogo tu, mashine nzima ya kuchonga chuma kwa kompyuta, pamoja na akili zake zote, haina kazi.

Hii nilikuwa nimeifunga upya miezi mitatu nyuma. Sasa ilikuwa inalia, inachemka, na matundu inayochonga yanatoka na umbo la yai. Injinia aliyeitwa kuipima alibandika kifaa chake, akatazama mistari kwenye laptopu na kutoa hukumu: beringi zimekufa, tena kwa kufungwa vibaya. Kisha akanigeukia kwa ile sauti laini ya kubembelezea mgonjwa.

"Mama, umefanya kazi vya kutosha. Pumzika sasa."

Nilitamani kumrushia spana.

Bosi wetu ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Siku hiyo hakunitazama usoni. Alizunguka mbuyu weee, mpaka nikaelewa kwamba kuanzia sasa spindo zote zitatengenezwa nje, chumba changu kitafungwa, na mimi nitahamia stoo kugawa glavu. Lori la kubeba sanduku lingekuja kesho yake alasiri. Roho iliniuma, nisiseme uongo. Lakini nikapiga moyo konde.

"Shemeji, niache niifungue," nikamwambia. "Nikikuta kosa ni la mkono wangu, ufunguo wa chumba nitakupa mwenyewe."

Akakubali.

Injinia alinifuata kwa nyuma ili ashuhudie. Nikamvulisha viatu mlangoni, maana chumbani mwangu haliingii vumbi la mtu yeyote, awe na laptopu awe na nini. Soksi yake moja ilikuwa na tundu. Nilijisikia vizuri kidogo.

Spindo hii ina beringi nne, mbili nyuma na mbili mbele, karibu na pua inayoshika kisu. Kama ningekuwa nimeziharibu kwa kuzikaza kupita kiasi, joto lingeziunguza zote. Nikafungua za nyuma: grisi ilikuwa rangi ya asali, vilevile nilivyoiweka. Nikafungua za mbele. Grisi ilikuwa nyeupe kama maziwa, na kwenye chuma kulikuwa na vipele vya kutu. Nikamnyooshea injinia kidole changu chenye hiyo grisi. Alinusa, akakiri kwamba ni maji ya kupozea kisu. Halafu akauliza swali la maana, na hapo nikaanza kumheshimu: maji yamepandaje mpaka humu, na sili, ule mpira wa kuyazuia, ni nzima?

Maji hayapandi yenyewe. Nikatoka kumtafuta Bwana Pasi, mwendesha mashine wetu, anayeitwa hivyo kwa sababu hata ovaroli yake ina mstari wa pasi. Nikamwomba anionyeshe, kwenye mashine yake ya pili, jinsi anavyosafisha kabla ya chai. Akatabasamu kwa fahari. Akashika bomba la upepo wa kompresa, akalielekeza moja kwa moja puani mwa spindo na kuachia. Chembe za chuma ziliruka nje. Maji yakasukumwa ndani.

Nikamuuliza nani kamfundisha.

"Si wewe, mama? Ulisema ukikuta hata chembe moja puani, tutakosana."

Nilisema kweli, tena kwa ukali, siku ile ile niliyomkabidhi spindo, nikaenda zangu. Sikumwambia asafishe kwa kitambaa. Niliona aibu mbele ya mtu aliyenitii kuliko wote.

Nikarudi kwa shemeji, nikaeleza mwanzo mwisho bila kujikosha, nikaweka ufunguo mezani. Shemeji akausukuma ule ufunguo kwangu.

"Ulisema kosa la mkono," akasema. "Hili ni la mdomo. Mkono unaweza kuimaliza kabla ya lori?"

"Unaweza."

Mchana wote nilikuwa chumbani. Niliosha kila kipande, nikapasha beringi mpya moto zikaingia zenyewe bila kupigwa, nikazitia grisi kwa sindano, kiasi kilichopimwa. Asubuhi yake tukairudisha kwenye mashine na kuizungusha polepole, hatua kwa hatua, ili grisi ijipange. Kufika saa sita joto likapanda mpaka nyuzi hamsini. Injinia akanong'ona kwamba inachemka tena. Nikaizima, nikaiacha ipoe, nikawasha upya. Joto likapanda tena, likasimama, likaanza kushuka. Nyuzi thelathini na nne. Spindo ilinguruma kwa sauti moja tu.

Tukafunga fimbo ya kupimia na saa yake, ile ambayo mshale wake huonyesha spindo inayumba kiasi gani. Kuyumba kunakoruhusiwa ni maikroni tano, na maikroni moja ni milimita iliyogawanywa mara elfu. Injinia mwenyewe aliinama kusoma, akafuta miwani, akasoma tena.

"Mbili," akasema. "Mama, ni mbili."

Bwana Pasi alinikumbatia na ovaroli yake ikakunjamana, naye hakujali. Nje lori lilikuwa linapiga honi. Shemeji akaenda kumwambia dereva kwamba hakuna mzigo.

Sanduku nililichukua. Limekuwa kabati la vipimo vyangu, na ile anwani ya ng'ambo nimeielekeza mlangoni kila aingiaye aione. Juu yake nimekunja vitambaa vya Bwana Pasi vya kusafishia pua za spindo.

Mwezi uliofuata mtu alibisha hodi. Alikuwa injinia, amebeba spindo ya mteja wake mwingine, nzito mpaka inampinda mgongo. Kabla sijasema neno alikuwa ameshavua viatu.