Nailoni Juu ya Ubao

Saa moja asubuhi Brashi alikuwa ameshapiga magoti kwenye baraza la mbao la hoteli, akibandua kipande cha nailoni alichokigandisha jana jioni kupima unyevu. Wapishi ndio waliompa jina hilo, kwa kazi yake ya kupaka rangi na kwa masharubu yake. Chini ya nailoni ubao ulikuwa umetoa jasho. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, na mbao hazijui kusema uongo.

Meneja alikuja na kikombe cha chai mkononi.

"Mbona hata kopo hujafungua?"

"Bosi, mbao bado zina maji. Ona mwenyewe." Akamwonyesha matone. "Tuziache siku mbili tatu, halafu nipake asubuhi kabla jua halijawa kali. Nikipaka leo rangi itafura."

"Wakubwa wa makao makuu wanaingia kesho. Mvua ni kazi ya Mungu, kupaka ni kazi yako."

"Sawa, ila..."

"Ila nini, fundi? Wapakaji wamejaa getini."

Mwenye nguvu mpishe. Chumba alicholala Brashi na mkewe na watoto wawili kilikuwa cha hoteli, nyuma ya chumba cha dobi. Kazi ikienda, chumba nacho kinakwenda. Mkewe, aliyekuwa akianika mashuka ya wageni hatua chache kutoka pale, alimkonyeza: paka, baba, yaishe.

Akapaka. Alianzia ukutani akirudi kinyumenyume kuelekea ngazini, ubao kwa ubao. Saa sita jua lilitoka, na rangi ikawa inaota ngozi juu kabla haijashika chini. Mgongo ulimuuma, lakini aibu ilimuuma zaidi. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kupaka kitu akijua kitabanduka.

Jioni karani alimletea fomu iliyokwisha kuchapwa: *Fundi amekagua mbao na kuthibitisha kuwa ni kavu.*

"Weka sahihi tu hapo," karani alisema. "Wote huwa wanaweka."

Brashi alijipangusa mikono kwenye suruali. Akalikata neno "kavu" kwa mstari, akaandika juu yake: *Zina maji. Nimeagizwa nipake.* Akasaini. Karani aligonga muhuri bila kusoma, akaenda zake.

Wakubwa walikuja, wakasifu, wakapiga picha, wakaondoka. Siku ya tano baraza lilikuwa limejaa malengelenge, na kila begi la magurudumu lililopita liliondoka na ukanda wa rangi. Meneja akaagiza faili, amfukuze fundi kwa sahihi yake mwenyewe. Akasoma. Akarudia kusoma.

Barua ilitoka siku hiyo hiyo. Haikutaja rangi wala mbao. Fundi ameachishwa kazi kwa kosa la kuharibu fomu ya ofisi. Akabidhi chumba kabla ya Jumamosi.

"Ungejua, ungeandika vile tena?" mkewe alimuuliza wakiwa wanafunga godoro.

"Ningeandika mapema," Brashi alisema, akivuta kamba. "Kabla sijafungua kopo."