Karatasi Tisa Safi

Eudóxia alipanda Kilima cha Mikorosho na debe la maji kichwani. Ngazi zilikuwa za udongo, zimechongwa kwa jembe, na hakuthubutu kupumzika, kwa sababu akilitua debe hangepata wa kumtwika tena. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Goti la kushoto lilikuwa limevimba. Shuka za wenye nyumba za ufukweni zilihitaji madebe kumi na mawili kwa siku, na kila debe lilitoka kwenye kisima cha bondeni. Muuguzi wa zahanati alimwambia aache kubeba. Alimwambia kwa upole, akamfunga goti bila kumdai kitu, lakini hakumwambia shuka zifuliwe kwa maji yapi.

Wiki mbili kabla ya uchaguzi wa meya na madiwani, bomba lilifika. Diwani Belarmino ndiye aliyelileta, kwa niaba ya Daktari Peixoto, mwanasheria aliyeitwa daktari kwa heshima tu, na aliyetaka umeya. Alisimama juu ya sanduku la sabuni, akafungua koki, maji yakatoka, wanawake wakalia. Eudóxia naye alilia. Siku hiyo alimaliza shuka zote kabla ya adhuhuri, akalala mchana kwa mara ya kwanza tangu mumewe afariki.

Belarmino hakuficha anachotaka. Kadi za wapiga kura wa kilima zilikaa kwenye droo yake; angezigawa asubuhi ya uchaguzi. Karatasi ya kura alimpa kila mtu mapema, imechapwa jina lake yeye diwani na la Daktari, imekunjwa mara mbili. Kilima kilikuwa na sanduku lake, nalo lingehesabiwa peke yake.

"Nataka kura zote, mama zangu," alisema. "Nikikosa, nitajua nimekosa wapi."

Eudóxia hakujua kusoma. Mwalimu mmoja wa kanisani alimshika mkono miezi mitatu mpaka akaweza kuchora jina lake, na sheria haikumdai mpiga kura zaidi ya hapo. Karatasi yake aliiweka kifuani isipotee. Asubuhi ya uchaguzi mteja alituma mtu kumhimiza mashati, akaanza na hayo, mikono imejaa buluu ya kufulia. Alipoitoa karatasi kwenye foleni, ilikuwa imelowa jasho na ina alama za vidole vya buluu.

Aliona aibu. Miaka arobaini hakuwahi kumrudishia mtu nguo yenye doa, sembuse karatasi ya meya. Nyuma ya pazia palikuwa na meza, na juu yake karatasi nyingine zilizochapwa, nyeupe, kavu, zimepangwa vizuri. Alidhani serikali imeziweka kwa ajili ya watu kama yeye. Akachukua moja akaitumbukiza, ile yake akairudisha kifuani. Alipotoka aliwanong'oneza wafuaji wenzake: aliyechafua yake, ndani ziko safi. Wanane walimshukuru.

Daktari Peixoto alishinda kwa kura elfu nane. Belarmino alirudi kwenye baraza la jiji bila jasho. Siku ya nne koki ilitoa upepo tu. Siku ya tano ikatangazwa kwamba bomba litang'olewa, lipelekwe kilima cha pili, ambacho hakikukosa hata kura moja. Kilima cha Mikorosho kilikosa tisa.

Majirani wakaanza kutazamana. Fundi viatu, aliyezoea kumsema diwani, alivunjiwa mlango na watu aliowashonea viatu mwenyewe. Hapo Eudóxia akafunga kitambaa chake cha kanisani, akashuka mpaka ofisini kwa Belarmino, akaeleza yote, akaiweka mezani karatasi yenye madoa.

Belarmino aliitazama, kisha akacheka mpaka akatoa leso.

"Zile za mezani zilikuwa za wapinzani wetu. Yaani umenipa kisogo kwa ajili ya usafi?"

"Nilikupigia wewe, bwana. Nilidhani nimekupigia wewe."

"Nakuamini, mama. Kabisa nakuamini."

"Basi tuachie maji."

"Aa, hapo hapana." Alikunja leso taratibu. "Nikiwaachia ninyi, vilima vingine vitajifunza nini?"

"Lakini Daktari ameshinda. Kura zetu tisa hazikumpunguzia kitu."

"Ndiyo maana, bibi. Angeshindwa, tungekuja kuwabembeleza."

Kisha akamuuliza habari za mwanawe Amaro, ambaye hakuwa na kazi tangu kiwanda cha nguo kifungwe. Akaandika mistari miwili kwenye karatasi, akampa ampelekee kijana: Jumatatu afike kwa msimamizi wa kazi za jiji. Eudóxia alimshukuru. Alilelewa kushukuru.

Jumatatu Amaro alipewa sururu na kuonyeshwa pa kuanzia, hatua chache tu kutoka mlango wa mama yake. Alichimba kwa uangalifu, asivunje viungo vya bomba. Watu walisimama milangoni na hakuna aliyemtukana. Yule fundi viatu alitoka, akamvika kofia yake ya majani kwa sababu ya jua, akarudi ndani.

Eudóxia alishuka bondeni, akapanda na debe, akawagawia wachimbaji maji. Msimamizi alikunywa vikombe viwili, akafuta mdomo.

"Kijana wako ana mkono mzuri," alisema. "Kesho aje kilima cha pili, tunalifukia."

Amaro alishika ncha ya bomba kwa mikono miwili akaliinamisha, na maji yaliyobaki ndani, kama kikombe kimoja, yakamwagikia miguuni, mekundu kwa kutu.