Kilo Nne za Maji

Jaribu wa Tanga alipoteremka gatini Wete, watu wa Shumba waliapa kwamba kisiwa kiliinama upande huo, na minazi ya Msuka haijanyooka mpaka leo. Kilo mia na thelathini na mbili! Ndiye bondia ambaye Msellem alitaka kupigana naye.

"Yakhe, atakuua yule," Hamdan, muandaaji wa pambano, alimwambia.

"Ndio ukubwa ninaoutaka."

Hakueleza. Tangu amzike mkewe Mwanawema, miezi minne nyuma, Msellem alikuwa hasikii kitu. Chai haikumchoma, pilipili haikumuwasha, matanga yaliondoka bila ya chozi. Mabondia wa Micheweni walishamtwanga. Ngumi zao ziliishia kwenye ngozi. Labda ya mtu mkubwa ingefika ndani.

Lakini uzito wa juu huanzia kilo tisini na moja, naye alikuwa na themanini na saba. Siku ya kupima, kwenye mizani ya ghala la mwani, alikuja na shati kavu na suruali mbili za jinzi, moja juu ya nyengine, zimelowa maji ya bahari, zinachuruzika. Ndivyo Mwanawema alivyokuwa akiuza mwani: mkavu juu, mbichi chini.

Bi Kazija, mama wa marehemu, akamtazama. "Hila ya mwanangu hiyo."

Hamdan aliona haya kumvua mtu mbele ya wanawake wa mwani. Akaandika tisini na moja.

Ulingoni Jaribu akarusha moja. Msellem akaenda mpaka kwenye kamba, akarudi. Hakuna kitu.

"Piga, bwana! Au mkono umeazima?" Msellem akamchokoza.

"Kaka, mbona mwepesi hivi? Nani kakupima?"

Jaribu hakupiga tena. Akafanya wafanyavyo wakubwa kumchosha mdogo: akamkumbatia, akamlalia kwa kilo zake zote.

Msellem akasikia mabega yake yakishuka. Joto. Jasho la mtu mwengine. Tangu Mwanawema, hakuna aliyemwegemea.

"Achaneni!" refa akasema.

Jaribu akaachia. Msellem hakuachia. Mara ya pili, ya tatu. "Mwozesheni!" mtu akapiga kelele, watu wakavunjika mbavu kwa kicheko. Refa akamtoa Msellem mchezoni.

Nyumbani Bi Kazija akammiminia chai. "Kakuumiza?"

"Hapana, mama. Kanilemea."

"Basi?"

"Basi."

Msellem akanywa. Ilikuwa kama ya moto, aliona. Akaipuliza.